Pumu ya Dada Kabula

Mwangaluka mama. Bariadi ni joto na vumbi, na viazi vikavu vya michembe ulivyotufungia bado hatujavigusa. Masanja, kichanga cha dada Kabula, yuko chumba cha upasuaji, anapasuliwa ngiri.

Kabla hajaingizwa, daktari wa usingizi alimuuliza dada Kabula kama aliwahi kukosa pumzi akiwa na mimba yake. Dada akainama. Mama mkwe wake akajibu, "Hapana," kisha akaninong'oneza, "Watasema tulitoa ng'ombe wa mahari kwa mgonjwa."

Unanijua, hata darasani sinyooshi mkono. Ila nilisema, "Pumu ilimbana, akawekewa oksijeni."

"Basi huenda mtoto alikosa hewa tumboni, na sukari ya kichanga wa hivyo inaweza kuyumba akiwa usingizini," daktari akasema. "Tutaipima mara kwa mara."

Mama mkwe wa dada haniangalii. Dada ameng'ang'ania mkono wangu wa kushoto, karatasi haina wa kuishikilia, ndiyo maana mwandiko unacheza. Tuombee, mama yangu.

Mwanao, Nyanzobe