Jumapili Nestory Atakapofungua Spika

Mtaa wa Mirongo,
Mwanza.
2 Mei, 1999

Mpendwa kaka Mayala,

Shikamoo. Hamjambo huko Ujerumani? Wifi na watoto wanaendeleaje? Bernadeta anasema baridi ya mwaka huu haikutaka kuondoka, na wewe umekonda. Kula, kaka. Utahitaji nguvu. Sisi huku ni wazima, mvua imenyesha, dagaa wamejaa sokoni na cherehani yangu bado inapiga kazi.

Barua hii nimempa Bernadeta mkononi anaporudi huko kwa sababu sitaki ipite kwa mtu, na hasa isipite kwa shemeji yetu Nestory. Isome ukiwa umekaa.

Mama hakuomba kuhamia Busisi. Nestory alimwambia kwamba wewe umeamuru atoke katika nyumba ya Mabatini. Wewe ukaambiwa kuwa ameomba mwenyewe akapumzike kwa shangazi Mhoja. Mimi nami niliambiwa na ndugu yetu Dorcas, mke wa Nestory, kwamba wewe na mama mmekwisha kukubaliana, nikanuna kwa kutoshirikishwa. Bernadeta alipokuja likizo akampongeza mama kwa uamuzi wake mzuri, na mama akamkodolea macho. Hapo ndipo nilipoanza kuamka.

Nestory alichokuwa anataka ni laini ya simu ya marehemu baba. Unajua watu wanavyosota miaka mji huu kusubiri laini. Sasa kuna kampuni mjini imefunga mtambo. Modemu ya kompyuta inaupigia mtambo huo kama simu ya hapahapa Mwanza, mtambo unapokea sauti na kuipitisha kwenye intaneti hadi Ulaya, na huko simu yako ya mezani inalia kama kawaida. Watu wanapanga foleni sebuleni kwetu, na palipokuwa na kitanda cha mama pana kompyuta. Mtambo sina ugomvi nao. Ukipewa neno hapa unalifikisha kule lilivyo. Asiyefikisha ni Nestory.

Hedifoni ni moja, na mwenye kuivaa ni yeye. Mama hawezi kuvaa kitu kilichotoka kichwani kwa mkwewe, wala kubanana naye kwenye kichumba kile. Unamjua mama na heshima ya ukwe. Kwa hiyo anakaa barazani kwenye kigoda, anatoa neno, Nestory analipeleka ndani, kisha anatoka na jibu. Wewe umeambiwa masikio ya mama yamekufa. Masikio hayo yanamsikia mbuzi wa jirani akikanyaga mchicha.

Nilikwenda kuhakikisha. Siku ya mama kuzungumza nawe nilijipenyeza kati ya wateja, nikakaa nyuma ya pazia. Mama akamwambia, "Muulize mwanangu, nimemkosea nini?" Nestory akaingia, akavaa hedifoni yake, akakwambia kwa sauti ya upole, "Mama anashukuru sana. Anasema nyumba aandikiwe Dorcas." Nadhani ulitaka kuuliza zaidi, maana alinyanyua mkono wa ile simu ya mezani iliyo kwenye laini hiyohiyo, na modemu ikakatika. Akatuambia sisi wateja kwamba mtambo wa mjini umeelemewa. Mama akamwambia umesema avumilie.

Nilimweleza mama nilipokuwa namsindikiza kivukoni kurudi Busisi. Alisimama, akanijibu, "Siwezi kumwita mkwe wangu mwongo kwa maneno ya kuletewa. Nitaamini nikimsikia Mayala mwenyewe." Shangazi Mhoja anasema kwenye sala ya jioni mama anataja watoto wake wote, na akifika kwako ananyamaza kidogo, kisha anaendelea. Hilo ndilo siwezi kumsamehe Nestory. Nyumba tungeirudisha hata kwa kesi.

Basi, mchimba kisima huingia mwenyewe. Jumapili tarehe 16 Nestory anasherehekea mwaka mmoja wa biashara yake. Kaalika mchungaji, kaalika wenye maduka wa Mabatini, na mama atakuwa mgeni wa heshima. Kwa majivuno aliyonayo, kaazima spika na maikrofoni vya kanisa avifunge kwenye kompyuta, ili mtaa mzima usikie mtu anavyoongea kutoka Ulaya. Mtu huyo ni wewe. Atakupigia mapema kukuomba uwasalimie wageni, maneno mawili matatu tu. Mkubalie. Cheka naye.

Siku ikifika, usimsalimie mgeni hata mmoja. Sema kwa Kisukuma, taratibu, maana sauti hukawia njiani: Mama, ni nani aliyekwambia nimekutoa nyumbani? Kisha nyamaza. Usitukane, usinitaje, usikate simu. Maikrofoni nitampelekea mama mimi mwenyewe pale barazani, na kimya kikizidi usiogope, atajibu.

Nestory ataikimbilia ile simu ya mezani. Hataikuta. Nitakuwa nimeichomoa ukutani mapema na kuiacha modemu, nayo itakuwa kapuni mwangu chini ya vitenge. Akitaka kuizima kompyuta, aizime mbele ya mchungaji, na mama atakuwa ameshakusikia.

Najua utasema tungemwita pembeni tuyamalize kifamilia. Sitaki. Alimtoa mama nyumbani kwa mumewe kwa kutumia jina lako, na nataka nimwone uso wake jina hilo likisema lenyewe. Nimeshachagua kiti kinachotazamana na chake. Dorcas ni damu yetu, lakini alijua. Nitamwonea huruma kuanzia Jumatatu.

Shangazi Mhoja anakusalimu. Mume wangu Paulo anakusalimu pia, na anasema siku hizi ananiogopa. Wasalimie wifi na watoto, wabusu wote. Salamu za mama usinitumie mimi. Zitunze hadi tarehe 16.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Amlinde Nestory naye, asipate hata mafua, afike Jumapili hiyo mzima kabisa.

Mdogo wako akupendaye, na asiyesahau,

Getruda