Mgongo wa Bi Zuhura

Muyeye, Jumatano

Bado nimeudhika na mteja wangu Bi Zuhura. Mgongo umemkaza, hawezi kuinama tangu Idi, lakini nikimgusa taratibu analalamika: "Mwanangu, kandamiza! Wanipapasa tu." Huku kwetu usipolia hujakandwa.

Kwenye kozi ya ukandaji tulifundishwa tuguse kidogo, kisha tutoke chumbani, tuuache mwili ujitengeneze wenyewe. Mbinu ya ng'ambo, wanasema. Mbona nyanya yangu kule Dabaso, akiwakanda waliojifungua, aliwagusa vivyo hivyo kisha akaenda kukuna nazi? Mimi nilidhani ni uvivu.

Basi leo nikamgusa kidogo, nikatoka. Nilikaa barazani nikiogopa ataondoka asirudi tena. Kumbe amelala.

Alipoamka aliinama, akavaa ndara zake mwenyewe, akaniambia, "Haya, kesho sasa unikande."