Shada Lililotundikwa Kabla ya Wakati

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Lemvig, Jutland Magharibi
Jumatatu, tarehe 18 Machi 2019, saa tatu na robo asubuhi

Jina: Holger Bundgaard. Umri: miaka 74. Kazi: fundi seremala na msimamizi wa mafundi. Makazi: nyumba ya mwisho, njia ya bandarini, Lemvig.

Nina miaka sabini na minne. Nimezika wake wawili, na madaktari wawili walioniambia niache tumbaku. Kampuni tatu za ujenzi zimekufa mimi nikiwa bado juu ya paa. Nimetundika mashada sitini na moja, na hakuna fundi upande huu aliyefika hata nusu. Andika hivyo hivyo, afisa. La sitini na mbili ndilo lililonileta hapa.

Kwetu, kenchi ya mwisho, yaani fremu ya mbao ya pembetatu inayobeba paa, ikishasimama na kukazwa, fundi mkubwa hupanda kutundika shada la matawi ya msonobari, na mwenye jengo hutulisha soseji na bia. Shada likiwa juu, kila fundi anajua paa linajishikilia lenyewe. Hakuna anayeuliza.

Meneja wa mradi wa ukumbi mpya wa michezo ni Sidsel Overgaard, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Ana cheti cha usimamizi wa miradi. Alikisomea, akakifanyia mtihani, na lazima akihuishe kila baada ya miaka michache. Bila cheti hicho kampuni yetu isingepewa kazi ile. Mimi nilimwita Bibi Karatasi. Siku ya kwanza nilimwonyesha mikono yangu nikasema, "Vyeti vyangu ni hivi." Akahesabu. "Vidole nane na nusu, mzee? Naona cheti kimeanza kuisha muda." Mafundi walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Mimi sikucheka. Nilicheka nyumbani.

Alikuwa na jambo moja lililonikera. Kila agizo aliliandika, na tarehe na saa, akakupa usome, kisha akasema, "Nirudishie kwa maneno yako." Alisema ndivyo walivyofundishwa kwenye masomo ya cheti. Wenzangu walirudisha. Mimi nilimwambia mimi si mtoto wa shule.

Mnamo Alhamisi, tarehe 14 Machi, saa moja na nusu asubuhi, Sidsel aliingia kibandani na karatasi. Alikuwa na haraka ya kwenda Holstebro kumwona mhandisi, na upepo ulikuwa umeanza kupiga mabati.

"Soma, Holger, halafu nirudishie."

Niliishika karatasi kwa muda wa kutosha. "Nimesoma. Nimeelewa."

"Basi niambie."

"Nenda zako, mama. Mhandisi anakusubiri."

Alinitazama. "Haya, weka saini. Yako hii, nakala ninayo." Niliweka. Alipoondoka nikaitumia kufungia mkate wangu uliopakwa maini, nikautia mfukoni.

Saa nne na nusu alikuja Preben Krogsgaard, mwenye kampuni. Alisema, "Holger, watu wa klabu ya michezo, wenye jengo, wanafika saa nane na soseji zimeshaagizwa. Tundika shada." Kenchi ya saba, ya mwisho, ilikuwa bado haijakazwa. Ilikuwa imesimama kwa nguzo za muda. Nilijua. Nilijiambia tutaikaza kabla wageni hawajafika. Nikauliza, "Bibi Karatasi anasemaje?"

"Amekubali."

Jibu lake nilikuwa nalo mfukoni, limefunga mkate.

Saa nne na dakika arobaini nilipanda, nikatundika. Kisha nikashughulika na bia na meza.

Torkild Nørby, fundi wetu, alikuwa kwa daktari wa meno. Alirudi saa saba mchana, akatazama juu, akaona shada. Alifanya ambacho fundi yeyote angefanya: akaanza kutoa nguzo za muda. Saa saba na dakika ishirini nilisikia mbao. Kenchi ya saba ilishuka pamoja na shada. Torkild alikuwa chini yake, nyonga imevunjika. Nilipiga magoti. Aliniambia, "Lakini shada lilikuwa juu, mzee." Tangu hapo nikikaa, nasimama. Afisa ameniambia nikae. Nimekaa mara nne.

Jumamosi tarehe 16, saa tano asubuhi, Preben alikuja kwangu na karatasi iliyopigwa chapa. "Ya bima tu. Saini hapa." Nikauliza inasema nini. Akasema, "Inasema tulivyofanya." Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Lakini kichwani nilimsikia Torkild. Nikamwambia nitasaini nikishakunywa kahawa, akaiacha.

Nilivuka ua kwa jirani yangu, Inger-Marie Bloch. Akanisomea. Ilisema kwamba Sidsel ndiye aliyeniagiza kwa mdomo nitundike shada. Nikamtolea ile ya mkate. Ilisema: "Alhamisi 14 Machi, 7.30. Kenchi ya saba haijakazwa. Shada lisitundikwe na nguzo yoyote isiguswe mpaka nirudi. S. Overgaard." Chini yake, jina langu. Nilimwambia asome tena. Akasoma mara tatu.

Nilimpigia Sidsel simu. Alisema Preben anadai kwamba yeye Sidsel aliiandika nakala yake baada ya ajali, na kama Preben ataaminiwa, yeye atanyang'anywa cheti na hakuna atakayempa mradi tena.

"Yenye saini yako ni moja tu, Holger. Bado unayo?"

"Nilifungia mkate."

"Wa maini?"

"Wa maini."

Alicheka, kisha nikasikia hacheki tena.

Afisa ameniuliza kwa nini nilivunja agizo nililolitia saini. Nilikwenda dirishani, nimerudi. Sijui kusoma. Jina langu naliweza, na namba za futi. Herufi nyingine hunikimbia, tangu shuleni, nami nimelificha hilo miaka sitini kwa kujisifu. Kama ningerudisha kwa maneno yangu asubuhi ile, Sidsel angenigundua kabla ya saa mbili, na Torkild angekuwa anatembea. Nilikidharau cheti chake. Kumbe kilimfundisha namna ya kumnasa mtu kama mimi, nami nikamponyoka.

Shada nililitundika mimi. Aliyeniagiza ni Preben. Sidsel alikataza.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya. Torkild Nørby, aliyelazwa hospitali ya Holstebro, anajua shada lilikuwa juu. Kuhusu karatasi zote mbili, mwulizeni Inger-Marie Bloch. Kwamba sijui kusoma, alikuwa anajua yeye peke yake. Sasa mko wawili.

(Saini) Holger Bundgaard

Maelezo ya afisa: Karatasi mbili zimepokelewa kama vielelezo, ya kwanza ikiwa na madoa ya mafuta, saini inasomeka. Nimemsomea shahidi maelezo haya mara mbili kwa ombi lake. Nilipompa kalamu aliiweka mezani, akasema kwanza atanirudishia kwa maneno yake. Alirudisha yote, akiwa amesimama. Kisha akasaini.

Lykke Damsgaard, afisa wa polisi