Mama Amerithi Ubishi Wako na Mzee Gwandu

Baba,

Huku Rhotia mahindi yamebeba vizuri, na Mama anaongea tena. Najua hilo la pili ndilo ungeuliza kwanza.

Tangu tukuzike alikuwa anajibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nilimletea keki kutoka lodji ya watalii ninakofanya kazi, nikamletea na padri. Keki alikula. Mzee Gwandu naye, jirani yako na mbishi mwenzako, aliacha kuja. Jioni zetu zikawa kimya mpaka mbwa akawa anatushangaa.

Si unakumbuka mlichokuwa mkibishania? Ule umoja wa kijeshi wa Ulaya na Marekani. Wewe ulikuwa unasema, "Siku moja Mmarekani atachoka kuwalinda bure." Yeye anajibu, "Marafiki hawadaiani!" Miaka yote hiyo, ninyi ambao jeshi mlilijua kwa gwaride la redioni.

Basi, mwezi uliopita redio ikatangaza kwamba nchi za Ulaya zimekubali kupandisha bajeti zao za ulinzi, maana Marekani imesema haibebi tena mzigo peke yake. Mzee Gwandu akaja mbio, buti mguu mmoja, redio kwapani, anaita kutoka barabarani: "Baba Paskalina! Toka unicheke!"

Alipofika uani ndipo akakumbuka.

Akasimama tu pale, Baba. Redio inaendelea kusema yenyewe. Mimi machozi yalishanitoka. Mama akatoka jikoni na mwiko wake.

"Hayupo," akasema. Kisha, "Kwani ameshinda?"

"Hajashinda!" Mzee Gwandu akafufuka palepale. "Kila mtu akinunua kifaru chake, urafiki umekwisha, Mama Paskalina. Nani atamwita mwenzake?"

"Wewe una mbwa, sisi tuna mbwa. Nyati wakishuka kutoka msituni kula mahindi, hatuitani?"

Mzee akaizima redio. "Nyumba hii," akasema, "imebadilisha kiongozi, sera ni zilezile."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akalia kidogo, akacheka tena, halafu akaniambia nilete chai.

Sasa Mzee Gwandu anakuja kila jioni, na mimi natumwa kuwahoji wageni wa lodji. Nilimuuliza babu mmoja wa Kijerumani wakati anakula kifungua kinywa. Alinieleza habari za vifaru na kodi mpaka yai likapoa, dereva anapiga honi, mke wake keshapanda gari la kwenda kreta kuona wanyama. Nilipofikisha majibu, Mama akasema hayajitoshelezi, nikatafute na Mfaransa. Mtu wa kuzaliwa Mbulu, leo anaijua Polandi kuliko kwao.

Ila kuna habari mbaya, Baba, ipokee kiume. Jana Mama alihamia upande wa Mzee Gwandu. Anasema hao wa Ulaya wakishazoea kununua silaha kila mmoja kivyake, mwisho wataanza kutazamana vibaya wenyewe kwa wenyewe. Nilijaribu kukutetea. Nikaambiwa nikaoshe vyombo.

Nimekukumbuka sana, Baba. Ungekuwepo ungewashinda wote wawili, au angalau ungewapigia kelele.

Pumzika. Hoja zako nitazibeba mimi, japo huwa nazisahau katikati. Na nakuahidi hili: hata wabishane mpaka kijiji kizima kilalamike, sitawaambia wanyamaze.

Binti yako,
Paskalina