Gudi la Juu ya Mutsamudu

Mvouni, 12 Oktoba 1977

Dada yangu mpenzi Batoul,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya yote nakuuliza hali ya goti lako, maana Idd imepita bila mimi kupata habari zake, na ngazi za huko Mutsamudu hazina huruma. Mimi mzima, nala na nalala. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja kama ulivyoniamuru tuliporudi huku Komoro, kwamba nyumbani kwetu kisife.

Bila shaka ulisikia kuwa serikali ya mapinduzi ilifunga ofisi zake na sisi watumishi tukarudishwa majumbani. Nimepata chumba huku Mvouni. Asubuhi nalima majimbi na wenzangu, mchana nachora. Usinihurumie, dada. Nilipokuwa mchora ramani wa serikali sikuwahi kuchora vizuri kama ninavyochora sasa.

Ninachochora ni gudi. Unayajua magudi, pale meli inapopandishwa ili mafundi waifikie tumboni. Ila hili langu liko angani, linaizunguka dunia, na meli zake ni za kubuni, zile za kusafiri baina ya nyota. Nimeliandikia na hadithi.

Wiki tatu zilizopita vijana wa kamati ya mtaa walipita kukagua nyumba, wakauona mchoro wangu mkubwa ukutani. Sehemu ya chini nilikuwa nimechora Mutsamudu kama unavyoonekana kutoka juu, ngome, bandari na vichochoro vyote, kwa kuwa gudi hupita juu ya mji wetu. Wakaubandua, wakashuka nao mjini Moroni, na kesho yake nikaitwa. Walidhani ni ramani ya mahali watakaposhukia mamluki. Nilijua watu waliofungwa kwa dogo kuliko hilo.

Mwenyekiti wao ni binti aitwaye Kamaria, hajafika miaka ishirini, sauti yake ya chini lakini kila mtu anaisikia. Aliniuliza kwa nini meli itengenezwe mahali pasipo na ardhi. Nikamweleza kwamba meli ya namna ile ni kubwa kuliko Moroni nzima. Ikithubutu kutua itavunjika kwa uzito wake yenyewe. Huundwa juu, na ikiharibika hutengenezwa juu. Nikawaonyesha mbavu za gudi zinazoizunguka meli pande zote, mikono ya chuma inayoishika bila kuibana, na pazia kubwa la kuikinga jua, kwani kule penye jua chuma huungua na penye kivuli huganda. Nikawaonyesha kamba za mafundi, na chumba chenye hewa ambamo huvua mavazi yao mazito na kunywa chai.

Mmoja wao akauliza maji hutolewa vipi gudini. Nikamjibu kuwa kule hakuna maji, wala kupwa wala kujaa. Fundi hufanya kazi mpaka aridhike, hakimbizwi na kitu. Hapo nikawasimulia habari za marehemu mume wako, shemeji Ambari, alivyokuwa akitengeneza tishali la shehena lililopandishwa juu ya magogo pale Mutsamudu, naye yuko chini yake, maji yakajaa kabla hajamaliza, magogo yakateleza, tishali likamlalia. Nikasema gudi la angani lina maana hiyo hasa: huko hakuna kinachomwangukia fundi.

Kamaria akaniuliza, “Nani aliyekufundisha haya?”

Nikajibu, “Nimeyatunga mwenyewe.”

Sikufungwa. Badala yake walinipa rangi, wakaniambia niuchore mchoro ule kwenye ukuta wa shule, watoto wajue kwamba mtu wa visiwa hivi anaweza kufikiri mpaka huko. Nilichora siku tisa. Watu walitoka sokoni na vikapu vyao wakaja kutazama. Chini nikaandika jina langu kwa herufi zenye urefu wa mkono mzima, na sikufichi, nilijiona mkubwa.

Sasa keti, dada. Gudi si langu. Mwaka ule wa uhuru, siku ya tatu ya msiba, nilifungua sanduku la shemeji nikachukua daftari lake la jalada la kijani. Mbavu, mikono, pazia, hata kile chumba cha chai, vyote vimo humo kwa mkono wake. Nilijiambia kwamba nalihifadhi. Ukweli ni kuwa nililitamani.

Ulilitafuta nyumba nzima. Ukamwambia wifi yako Mariamou kuwa yeye ndiye aliyelitumia kuwashia moto, kwani yeye ndiye aliyekuwa jikoni. Akaapa kwa msahafu, hukumwamini, akabeba nguo zake akaondoka katika nyumba aliyokuwa akiishi marehemu kaka yake. Mimi nilikuwa mlangoni, daftari limo ndani ya koti langu. Niliyasikia yote nikanyamaza. Miaka miwili mnapishana vichochoroni bila salamu, na sababu ni mimi.

Ijumaa iliyopita nilimwendea Kamaria nikamwambia nilidanganya. Akaniamuru nisimame mbele ya wanafunzi wote niseme gudi ni la nani. Nikasema. Nikafuta jina langu, nikaandika: Ambari, fundi wa Mutsamudu. Nikadhani yamekwisha, lakini aliniuliza kama mjane wake anajua. Nilipotikisa kichwa alisema, “Basi bado hujamaliza.”

Nitapanda boti ya wiki ijayo kuvuka hadi kisiwani kwenu, na daftari nitakuwa nalo. Nakuomba jambo moja: kabla sijafika, nenda kwa Mariamou ukamsomee barua hii yote kwa sauti yako. Akiisikia kwangu kwanza atadhani nimekuja kujitetea. Mkiamua nisiingie ndani, nitawakabidhi daftari mlangoni na nitarudi bandarini bila kinyongo. Baada ya hapo nitaendelea kuchora, ila yaliyo yangu.

Wasalimie majirani wote, wakubwa kwa wadogo. Na wifi yako mpe salamu zangu za pekee: mwambie alisema kweli.

Ndugu yako,
Toihir