Jina la Holloway Limefika Mlangoni Kwangu

Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale
Mwezi wa tano, 2006

Mama yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Miguu yako inaendeleaje? Sisi tu wazima, na mahindi yamekubali mwaka huu. Pampu ya maji imeharibika tena, lakini si hilo linalonisumbua.

Furaha, mjukuu wako, amepata mchumba. Anaitwa Samweli, anachunga ng'ombe za watu kule Endiinzi, ni kijana mpole. Alipokuja na wajomba zake kuposa, tukahesabiana mababu kama desturi yetu. Akasema yeye ni Samweli Holloway. Mke wangu akaacha kumimina chai. Nikamuuliza jina letu amelitoa wapi.

“Baba, hii jina mama ndiye alinipatia,” akasema. “Aliniambia ni ya baba yangu. Ule baba mimi sikumuonaka.”

Unanijua, siamini upesi. Nikaenda Mbarara kwa Mwingereza mmoja anayefundisha wachungaji wa kanisa. Akanieleza kwamba Holloway wa kwanza ni watu waliokaa kando ya njia iliyochimbika kwa miguu ya ng'ombe na magurudumu. Njia za namna hiyo kwao zilikuwa nyingi, kwa hiyo hawatoki kwa babu mmoja. Baadaye jina likasafiri kwa meli na askari na wamisionari. Akacheka, akaniambia jina moja si damu moja.

Nilimshukuru, ila yeye hajui habari za kwetu. Babu alikuwa mpishi wa mzungu wa misheni, na milimani kwetu kote ni yeye peke yake aliyebatizwa kwa jina lile. Alizaa mwana mmoja tu wa kiume, Baba. Baba akanizaa mimi. La Samweli limepita wapi?

Nikaenda Endiinzi bila kumwambia mtu. Nikamkuta anakamua. Mama, anakaa upande wa kushoto wa ng'ombe, na kabla ya kushika chuchu anampiga makofi mawili mgongoni. Nani mwingine alikamua hivyo kama si Baba? Nikamuuliza nani alimfundisha, akasema ni mama yake.

Nikamuuliza habari za marehemu mama yake. Akasema aliwahi kukaa milimani kwa mama mmoja, akimsaidia kutwanga mihogo; kwa alivyoieleza nyumba ile ni kwetu, ila yeye hajui. Ni miaka ile nilipokuwa masomoni. Akasema mama yule ndiye aliyemfukuza, tena akiwa na mimba.

Ulimfukuza kwa nini, Mama? Kama nakosea nitamwomba Samweli msamaha, na arusi itafanyika. Kama sikosei, huyu ni mdogo wangu, na Furaha anamshonea mashuka. Ananiuliza kwa nini nachelewesha. Namdanganya kwamba tungoje mavuno, na ninaona aibu.

Msalimu shangazi, dada ya Baba, ila hili asilisikie. Msalimu na mchungaji anayekusomea barua zangu; akimaliza hii, aisahau.

Jana Samweli alipita hapa na maziwa. Akaniita baba.

Mwanao akupendaye,
Ezekieli