Niliwasomea Ramani kwa Uongo Ili Nisife Peke Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa bado na nguvu ya kushika kalamu, maana daktari ameniambia kwa upole kwamba moyo wangu umechoka na nisipange mambo ya mbali, nami nimemwungamia padre kila kitu isipokuwa hili ninalokuandikia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mjane, sikujaliwa watoto, na ninaishi Mirongo hapa Mwanza katika nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu juu ya mwamba. Chini yangu, kuelekea mtoni, ndiko waliko majirani zangu, nao ndio ndugu nilio nao, hasa Selina anayekaanga sokoni mapanki, yaani mabaki ya sangara waliokwisha kutolewa minofu viwandani, na mume wake Masele ambaye ni seremala (majina nimeyabadilisha). Selina hunipitishia uji kila asubuhi na huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na kuna siku sauti yake ndiyo pekee ninayoisikia mpaka giza linaingia. Mvua zikizidi mto huingia majumbani mwao, na mwaka jana uliangusha ukuta wa chumba wanacholala, wakapona kwa sababu tu Selina alikuwa macho.

Sasa Manispaa inabadilisha mpango wa matumizi ya ardhi ya mji. Zamani tulikuwa tunaamka tu na kukuta vigingi vimepigwa, lakini siku hizi wanasema wananchi watoe maoni kwanza, basi ramani ikabandikwa ofisi ya kata na majirani wakaniomba nikaisome kwa niaba yao, Masele akanishika mkono tukaenda polepole hadi huko. Niliielewa mara moja. Ukanda wote wa mtoni utaachwa wazi bila nyumba, na wenye nyumba humo watapewa viwanja vilivyopimwa upande wa barabara ya Misungwi, kwenye ardhi kavu, na hati zao. Nyumba yangu haikuguswa. Yaani wao waende, mimi nibaki.

Mshauri, nilisimama mbele ya karatasi ile nikayaona mazishi yangu. Chama chetu cha kuzikana ni cha mtaa, na kanuni yake, ambayo niliitunga mimi mwenyewe, ni kwamba anayehama mtaa ametoka chamani. Nikajiuliza ni nani atakayenikuta asubuhi, nani ataniosha, nani atakesha na maiti yangu.

Nilimwambia Masele nahitaji kutafakari, na jioni wote wakakusanyika kwangu. "Mayu, wewe ndiye macho yetu," Selina akasema, "inasemaje?" Masele akadakia kwa mzaha, "Mimi nasikia huko tunakopelekwa tutaamkiana na fisi." Selina akamgeukia, "Afadhali fisi, baba, haingii chini ya kitanda kama maji!" Wakacheka, nami nikacheka, halafu nikawaambia kwamba ramani inasema wanaondolewa bila kupewa chochote, ili wenye pesa wajenge maghala. Katika siku hizi za soko huria nani asingeamini? Kicheko kikakatika. Masele akasema, "Basi hatutoki. Mwalimu kashasema."

Kwenye mkutano wa kwanza nilinyoosha mkono kukataa, na mikono yao yote ikafuata wangu. Bwana mipango miji alijaribu kueleza habari ya viwanja, wakamzomea, mzee mmoja akamwambia, "Kaa chini kijana, waliokufundisha ramani tunao hapa."

Jumamosi ijayo ndio mkutano wa mwisho wa maoni. Jana Selina alinishika mikono akaniambia, "Mungu akuweke, mayu, umetuokoa," na baada ya kuondoka kwake sikuweza kumeza uji. Nawaza kunyamaza, kwa kuwa siku zangu ni chache na nikishaondoka huenda wataujua ukweli na kuhama, lakini nafasi ya viwanja itakuwa imepita, na mvua hazingojei mazishi yangu. Nikisema, nitakufa nimechukiwa na peke yangu vilevile. Nifanye nini?

Mwalimu mstaafu,
Mirongo, Mwanza

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Mwalimu. Upweke wako umeniuma, na sitakucheka kwa kuogopa kufa bila mtu karibu. Wengi tunaogopa hivyo na hatusemi.

Lakini hebu jisikilize. Unataka watu hawa wakuzike, na wakati huohuo uko tayari kuwaacha wafe maji. Huo si upendo, Mwalimu, na wewe unajua, ndiyo maana uji haukupita.

Usingoje Jumamosi. Ukingoja mkutano utasimama mbele ya umati, moyo utakwenda mbio, na utarudi nyumbani hujasema. Selina akija kesho asubuhi mwambie amwite Masele na majirani wengine, kisha useme kwa maneno mafupi: ramani inawapa viwanja, mimi nilidanganya. Usitangulize ugonjwa wala ujane. Watakasirika, na wana haki. Nyamaza wakasirike.

Baadaye uwasomee upya ramani yote, mstari kwa mstari, kisha waache waamue wenyewe. Wakitaka kuhama, wasiende mkutanoni kunyoosha mikono tu. Waulize hati zitatoka lini, maji yatafika lini, Selina atafanyia wapi biashara yake, na kama watahamishwa kabla ya mvua. Maoni ni hayo. Katika hili bado unaweza kuwafaa, kwa sababu unajua maswali ambayo ofisi haipendi kuulizwa. Na yule bwana mipango miji aliyezomewa kwa ajili yako, mwombe radhi mbele ya watu walewale.

Kuhusu chama cha kuzikana, kanuni uliitunga wewe. Pendekeza ibadilishwe, kwamba anayehama aruhusiwe kubaki mwanachama. Wakikataa, kubali. Mwone na padre, umweleze ulichomficha, na jumuiya yako ya kanisani ijue kwamba unaishi peke yako na unaumwa.

Mwisho, mwambie Selina jambo ambalo naona hujawahi kumwambia, kwamba unaogopa. Ulipotosha mpango wa mji mzima kwa kushindwa kumwomba jirani aje kukutazama. Mwombe sasa. Siwezi kukuahidi kwamba atakuja, maana barabara ya Misungwi ni mbali na alichotendewa si kidogo. Lakini akija, atakuwa amekuja akikujua.